JE, SPIKA ZA SIMU ZIMEPUNGUA UBORA?



Kwetu Chinongwe liko neno moja ambalo wakubwa hupenda kulisema wanapokutana barazani, ya kwamba simu za zamani zilikuwa na sauti na simu za siku hizi hazina. Husema kitochi kikilia nyumbani mwenyewe hukisikia akiwa shambani, bali simu janja yenye kioo kipana na bei kubwa hulia kama nyuki aliyefungiwa chupani. Vijana hukataa, wakasema wazee hupenda ya kale tu. Mabishano haya nimeyasikia mara nyingi, nami nimeona yafaa niyaeleze katika gazeti letu la shule. Kwanza, jambo lenyewe ni la Fizikia tunayofundishwa darasani. Pili, lina fedha ndani yake. Watu huuza ufuta na korosho walizozitolea jasho, kisha hununua simu mpya kwa sababu ya sauti tu. Si vema mtu atoe fedha hizo bila kujua anachokinunua.

Yatupasa kwanza tujue spika ni kitu gani. Ndani ya kila spika mna vitu vitatu: sumaku, waya mwembamba wa shaba uliosokotwa duara, na utando mwepesi ulioshikamana na waya ule. Umeme unapopita katika waya, waya nao huwa kama sumaku, ukavutwa na kusukumwa na ile sumaku ya kwanza. Utando huenda mbele na nyuma pamoja na waya, ukaisukuma hewa, na hewa ikitikisika ndiyo sauti tunayoisikia. Alexander Graham Bell alipopata hati ya simu yake mwaka 1876 alitumia kanuni iliyo jamaa ya hii. Spika ya namna tuliyo nayo leo ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani mwaka 1925. Tangu hapo mambo mengi yamebadilika, lakini sumaku, waya na utando viko palepale.

Basi, kama kanuni ni ileile, tofauti hutoka wapi? Hutoka katika ukubwa. Kila mtu aliyehudhuria ngoma anajua kwamba ngoma kubwa hutoa sauti nene na ngoma ndogo hutoa sauti nyembamba. Spika nayo ni hivyo hivyo. Sauti nene, ambayo vijana huiita besi, ni mitikisiko michache kwa sekunde, pengine 50 au 100. Sauti nyembamba ni mitikisiko mingi, maelfu kwa sekunde. Sikio zima la kijana husikia kuanzia mitikisiko 20 mpaka 20,000 kwa sekunde.

Sasa iko sheria moja ambayo hapana kiwanda kiwezacho kuivunja. Ukitaka spika itoe sauti yenye nguvu ileile lakini nene zaidi, yaani mitikisiko iwe nusu ya ile ya kwanza, utando hauna budi kwenda mbele na nyuma mara 4 zaidi. Tuseme sauti ya mitikisiko 800 yahitaji utando usogee sehemu 5 za mia za milimita. Ukishuka hadi 400, utando utasogea sehemu 20 za mia. Ukishuka hadi 200, ni sehemu 80. Ukishuka hadi 100, ni milimita 3 na sehemu 20 za mia, ndiyo kusema mara 64 ya mwendo wa kwanza. Lakini utando wa spika ya simu hausogei hata milimita moja nzima, kwa sababu hauna nafasi. Kwa hiyo besi ya kweli haiwezi kutoka katika simu, iwe ya zamani au ya sasa, iwe ya bei ndogo au ya bei kubwa.

Njia nyingine ya kuipata sauti nene ni kuupanua utando ili usukume hewa nyingi kwa mwendo mdogo. Redio ya mezani yenye spika ya duara ya sentimita 12 ina utando wa eneo la sentimita za mraba 113 hivi. Spika ya simu yenye utando wa milimita 11 kwa 15 haifiki hata sentimita za mraba 2. Ukigawanya, utaona redio inaizidi simu karibu mara 68. Wazee wetu waliizoea redio ya namna hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawapo Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi watu walisikiliza habari, ngoma na mpira katika masanduku yenye spika pana. Masikio yaliyolelewa na sanduku la namna ile, yakiletewa leo kitu chembamba kama kitabu cha mazoezi, hayana budi kulalamika. Lakini hapo twafananisha simu na redio, hatufananishi simu na simu. Mizani ya namna hii haipimi sawa.

Tena liko jambo la sanduku lenyewe. Utando ukienda mbele husukuma hewa ya mbele, na wakati uo huo huivuta hewa ya nyuma. Hewa hizi mbili zikikutana hufutana, hasa katika sauti nene. Ndiyo sababu spika hufungiwa ndani ya kisanduku, ili sauti ya nyuma isije ikaila sauti ya mbele. Kisanduku kikiwa kidogo mno, hewa iliyofungwa humo huwa ngumu kama mpira wa baiskeli uliojazwa sana, nayo huuzuia utando usiende mbali. Kwa hiyo mtengenezaji akitaka simu nyembamba, hapana budi aibane hewa hiyo.

Na simu zimekuwa nyembamba kweli. Nokia 3310 iliyotolewa mwaka 2000 ilikuwa na unene wa milimita 22. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilikuwa na milimita 11.6. iPhone 6 ya mwaka 2014 ilikuwa na milimita 6.9 tu. Nafasi iliyopotea haikupotea kwa spika peke yake, maana na kilichobaki kimegawanywa baina ya kamera, betri kubwa na kioo. Spika imekuwa kama mtoto wa mwisho katika nyumba yenye wageni wengi, hulala pale palipobaki. Hapo wazee wana haki katika maneno yao.

Lakini tusiishie hapo. Mlio wa simu za zamani haukuwa muziki kamili. Ulikuwa sauti moja moja, kali na nyembamba. Sikio la binadamu husikia vizuri kuliko kote katika mitikisiko 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde, na milio ile mikali ilikuwa na nguvu nyingi katika eneo hilo. Ndiyo maana kitochi husikika mbali kwa nguvu ndogo ya betri. Ni kama filimbi ya mwamuzi wa mpira: husikika uwanja mzima, lakini hapana mtu asemaye kwamba filimbi ina sauti bora kuliko zeze. Kusikika mbali ni jambo moja, na ubora wa sauti ni jambo la pili. Nadhani mabishano mengi ya barazani yangekwisha kama watu wangetenganisha mambo haya mawili.

Baadaye, miaka ya 2000 ikielekea kwisha, zilikuja simu nene zenye spika kubwa, zilizovuma kuliko redio ndogo. Wakubwa huzikumbuka kwa furaha sana. Nyingi zilipofunguliwa sauti mpaka mwisho zilikwaruza, lakini harusini zilitosha. Mwaka 2016, tarehe 16 Juni, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini. Sisemi kwamba kila simu iliyovuma ilikuwa bandia, la hasha. Nasema tu kwamba wako watu ambao simu yao yenye kelele ilizimwa mwaka ule, wakanunua nyingine nyembamba, na tangu siku hiyo huamini kwamba simu zote zimekuwa bubu.

Sasa tutazame upande wa maendeleo. Sumaku za neodimi zilizogunduliwa katika miaka ya 1980 zina nguvu nyingi kwa ukubwa mdogo, na bila hizo spika ya simu nyembamba isingewezekana. Mwaka 2013 simu ya HTC One ilikuja na spika mbili zilizomwelekea mtazamaji, moja juu na moja chini ya kioo. Mwaka 2016 iPhone 7 ilitumia kispika cha sikioni kama spika ya pili, na simu nyingi nyingine zimefuata njia hiyo. Tena simu nyingi za leo zina kipimo ndani yake kinachoangalia umeme unaopita katika waya wa spika. Kwa kipimo hicho simu hujua kama waya unapata moto mno au utando unakwenda mbali mno, ikapunguza nguvu kabla spika haijaungua. Kwa hiyo huweza kuisukuma spika karibu na mwisho wa uwezo wake bila kuiharibu. Hata ubongo wetu hutumiwa: ukisikia sauti za juu zilizo jamaa ya sauti nene, ubongo huijaza ile sauti nene isiyokuwapo. Basi mtu husema amesikia besi, kumbe besi yenyewe haikutoka.

Wakati wa likizo ya mwezi wa sita nilitaka kuyajaribu haya mwenyewe. Shuleni hatuweki simu bwenini, kwa hiyo nilingoja mpaka nyumbani. Niliazima simu tatu: kitochi cha babu yangu, simu janja kuukuu ya mjomba, na simu janja mpya ya shangazi. Nilikuwa na kadi moja yenye habari zilizosomwa na mtu, nikaihamisha kutoka simu moja kwenda nyingine, ili zote ziseme maneno yaleyale. Usiku, watu walipotulia, niliweka kila simu juu ya kigoda kilekile uani, nikafungua sauti mpaka mwisho, nikaenda nyuma hatua kwa hatua hata nisiweze tena kuelewa maneno. Mdogo wangu alishika taa na kuhesabu hatua.

Matokeo yalikuwa haya. Kwa mlio wa kuitia, kitochi kilizishinda simu zote mbili. Kwa maneno ya habari, simu mpya ya shangazi ilieleweka mbali kuliko zote, na kitochi kilifuata. Simu ya mjomba ilikuwa ya mwisho kwa yote mawili. Nilipoitazama karibu niliona kitundu cha spika kimejaa vumbi jekundu la huku kwetu, lililoganda pamoja na jasho, na kava aliyoivisha ilifunika nusu ya kitundu. Niliivua kava, nikaizima simu, nikakisugua kile kichujio polepole kwa mswaki mkavu wenye nywele laini, huku kitundu kikiwa kimeelekea chini ili vumbi lianguke nje. Nilipoijaribu tena, sauti yake ilizidi hatua nyingi. Mjomba alikuwa amekwisha kutenga fedha za magunia ya ufuta kwa ajili ya simu nyingine. Akasema, "Mpwa wangu, kumbe nilitaka kununua mswaki kwa bei ya simu!" Fedha zile aliwalipa vibarua waliopalilia mikorosho.

Nawaomba wasomaji wasitumie pini wala sindano. Nyuma ya kichujio uko utando mwembamba, na karibu yake kipo kitundu cha maikrofoni. Ukivitoboa, hapo ndipo simu itakapokuwa bubu kweli.

Habari ya babu ilikuwa nyingine. Yeye alilalamika kwamba mwanawe aliyeko Dar es Salaam akipiga simu "hutafuna maneno", na kwamba akisikiliza mpira wa Namungo FC, timu yetu ya Ruangwa, hasikii jina la aliyefunga. Alitaka tumnunulie simu yenye spika kubwa. Baada ya kumwamkia, nilimwomba radhi nikakaa nyuma yake, nikamsomea maneno kwa sauti ya kawaida bila simu yo yote. Niliposema "kufuta", alisikia "kusuta". Niliposema "kusuta", akasema "kufuta". Maneno yenye sauti nene aliyasikia barabara.

Jambo hili linaeleweka. Mtu anapozeeka, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, na herufi kama s na f hukaa huko juu. Mtu husikia kwamba kuna anayesema, lakini hayatambui maneno, akadhani msemaji ananong'ona au chombo kimeharibika. Tena simu ya kawaida ya miaka yote ilipitisha mitikisiko 300 hadi 3,400 tu kwa sekunde, kwa hiyo hata sikio zima huchanganya s na f simuni. Njia mpya ya kupiga kwa 4G huweza kupitisha mpaka 7,000, ikiwa mtandao na simu zote mbili vinaikubali. Kumbe kwa babu jambo lilikuwa sikioni na njiani zaidi kuliko katika spika. Spika kubwa ingempa kelele nyingi zaidi, si maneno mengi zaidi. Baba aliahidi kumpeleka hospitali ya wilaya atazamwe masikio, maana huenda hata nta peke yake ikaziba njia. Nasi tukakubaliana kwamba anayempigia aseme taratibu. Hilo halikutugharimu senti.

Liko na jambo la tatu ambalo husahauliwa, nalo ni wimbo wenyewe. Nyimbo nyingi tunazopeana simuni zimepunguzwa ukubwa ili zisile bando wala nafasi, na kila zinapopunguzwa tena hupoteza kidogo. Wimbo wa namna hiyo ukipigwa katika spika nzuri utasikika mbaya, na lawama itaiangukia spika. Ni kama kumlaumu mpishi kwa mchele wenye mawe.

Sasa nikiulizwa, je, spika za simu zimepungua ubora? Nitajibu hivi. Kwa uwazi wa maneno na muziki, simu nzuri za leo zimezipita za zamani, na ushahidi ni spika mbili na ule ulinzi wa ndani. Kwa besi, simu hazijawahi kuwa nayo, na kadiri zinavyokuwa nyembamba ndivyo watengenezaji wanavyohangaika zaidi. Kwa kusikika mbali, milio ya simu za zamani ilikuwa bora, kwa sababu ilitungwa kwa kazi hiyo. Tena zipo simu janja za bei ndogo zenye spika moja iliyowekwa nyuma au chini, na hizi ukizilaza juu ya godoro hunyamaza kabisa. Kwa hiyo wazee hawasemi uongo na vijana hawasemi uongo, ila kila upande unapima kitu chake.

Anayetaka kununua simu kwa ajili ya sauti, naomba afanye mambo haya. Aisikilize dukani kabla ya kulipa, kwa maneno ya mtu na si kwa muziki peke yake, maana muziki huficha makosa. Aifungue mpaka mwisho asikie kama inakwaruza. Aulize kama ina spika moja au mbili. Kama ni mpenzi wa redio, akumbuke kwamba simu janja nyingi huhitaji waya wa sikioni ili kunasa vituo, na nyingine hazina kabisa tundu la waya huo. Naye aliye na simu kuukuu aisafishe kwanza. Akitaka sauti izidi kidogo, aiweke karibu na ukuta au ndani ya bakuli, kama vile kibuyu kinavyoikuza sauti ya zeze. Nililijaribu na hilo: sauti ilizidi, ijapokuwa maneno yalikuwa mazito kidogo.

Mwisho, nawageukia wanafunzi wenzangu. Sisi tunacheka masikio ya wazee, nasi tunayaharibu yetu kwa vispika vya masikioni. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila madhara, na kila desibeli 3 zinapozidi, muda huo hukatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 83 ni saa 20, na desibeli 86 ni saa 10 tu. Watoto washuke hadi 75 kwa zile saa 40. Spika ikiharibika fundi ataibadilisha kwa muda mfupi. Sikio likiharibika kwa kelele halirudi kuwa kama lilivyokuwa, wala hapana duka liuzalo jingine jipya. Tuyatunze basi, ili nasi tukifikia umri wa kukaa barazani tuweze kubishana tukisikilizana.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Chinongwe